Sabuni ya Mtoto na Gari la Kijiji

Juzi binti yangu alinichukua nimsindikize kuoshesha gari lake pale Chanji mjini, na kijana wa kuosha akatupangia vichupa juu ya meza mbele yetu. Hiki cha povu, hiki cha vioo, hiki cha matairi, hiki cha kupaka dashibodi ing'ae. Halafu akatoa vingine vya harufu: stroberi, mnanaa, na kimoja alichosema kinanukia gari jipya. "Mama, chagua wewe," binti yangu akasema. "Tuweke ipi?" Nikanusa kile cha gari jipya, nikaenda kutema mate pembeni ya mtaro. Kijana akadhani naumwa, akaniletea kigoda. Siumwi. Gari lililooshwa likang'aa linanitia kichefuchefu, na sababu ninayo.

Miaka ya ujamaa mume wangu alikuwa dereva wa gari la kijiji. Kijiji chetu kilikuwa mbele ya Mpui, nyumba zimepangwa mstari kama wakubwa walivyotaka, na upepo wa Ufipa unapita katikati yake bila kuzuiwa na kitu. Sisi tulikuwa wageni kutoka Mbeya. Watu walitupokea vizuri, lakini miaka yote mimi nilibaki mke wa dereva, na lile gari ndilo lililotufanya tuwe watu.

Lilikuwa Landirova kuukuu yenye turubai nyuma. Kijiji kilipewa kwa ajili ya wagonjwa, na kila mkutano mwenyekiti alikumbusha hivyo. Lakini gari likiwa moja na kijiji kizima hakina lingine, nani atalinda sheria? Lilibeba mahindi ya shamba la kijiji, likabeba mbolea, likabeba maiti, likabeba wapiga ngoma wa kwenda kupokea wageni. Baya kuliko yote, lilibeba samaki. Watu waliwapandisha kambare kutoka bonde la Rukwa, wengine wamekaushwa, wengine wamekaushwa nusu, wakawapakia kwenye gunia linalochuruzika, na yale maji yao yakaingia kwenye bati la sakafu na hayakutoka tena. Jua likipiga turubai, gari zima lilivunda. Ukipanda, ile harufu inakaa kwenye nywele, na jioni ukila ugali unaikuta inakungoja kwenye kidole.

Nami nilikuwa na mimba. Nilichukia harufu ya kila kitu: moshi, maziwa, jasho la mume wangu, hata la kwangu. Ile Landirova niliichukia nikiwa bado ndani ya nyumba, kabla haijakata kona.

Lakini nilikuwa naihitaji, na hapo ndipo penye kisa chote. Uzazi wangu wa kwanza, kabla kijiji hakijapewa gari, walinipeleka mjini kwa mkokoteni wa ng'ombe. Njia ile naijua jiwe kwa jiwe. Tulipofika hospitali walinipasua, mimi nikapona, mtoto alikuwa ameshaondoka. Mkunga aliniambia pale kitandani, bila kunizungusha, kwamba nikishika mimba tena nisisubiri uchungu nyumbani. Nije mjini mapema, na nije kwa gari. Mkokoteni wa pili usingetuacha wawili, na labda usingemwacha hata mmoja.

Kwa hiyo mume wangu aliliosha lile gari kama mtu anayesali. Sabuni dukani hakuna. Duka la kijiji lilikuwa na rafu safi sana kwa sababu hazikuwa na kitu juu yake. Alichoma magunzi ya mahindi, akaloweka majivu yake kwenye debe usiku kucha, na yale maji makali ndiyo yaliyokuwa sabuni yake. Yalimchubua vidole mpaka akawa anashika kijiko kwa ncha. Vioo alivipangusa kwa gazeti lililoloweshwa. Mwili wa gari aliupitisha kitambaa chenye mafuta ya taa kidogo, ukang'aa kwa saa moja, kisha ukavuta vumbi lote la wilaya. Matairi aliyapaka weusi wa mawe ya redio yaliyokwisha nguvu; mawe hayo aliyapasua, akasaga ule unga na kuuchanganya na oili chafu. Mikono yake ilikuwa myeusi Jumapili kanisani. Nilikaa mbali naye kidogo, nikijifanya nampisha mgeni.

Siku moja aliamua kulainisha viti. Vilikuwa vyeusi, ngozi ya bandia, vimepasukapasuka. Akaviendea na mafuta ya ng'ombe aliyopewa kwenye mnada. Siku ya kwanza viling'aa, na mume wangu akalizunguka gari mikono nyuma kama mkaguzi. Siku ya tatu mafuta yalichacha. Nzi wa kijiji kizima walihamia kwetu. Katibu wa kijiji alikaa, akasimama, na suruali yake ikabaki na ramani nyuma. Nilicheka mpaka nikatapika, na sikujua kilichonitapisha ni kicheko au ni kiti.

Kijiji cha jirani nao walikuwa na gari kama letu. Dereva wao hakuwahi kuliosha. Alilibebea mbuzi wa mnadani, na mbuzi hawaombi ruhusa ya kushuka kujisaidia. Mume wangu akipishana naye njiani alikuwa anaziba pua. "Yule haendeshi gari," alikuwa anasema, "anaendesha zizi."

Basi, mimba ikiwa imekaribia, mwenyekiti akaitisha mkutano. Ofisa anakuja kutoka mjini kukagua magari ya vijiji. Kijiji kitakachokutwa hakitunzi gari, gari litarudishwa. Watu wakaguna. Nilikuwa nimekaa na wanawake upande wa nyuma, nikashika tumbo langu.

Wanaume wakajadili namna ya kuosha gari. Waliojadili hivyo hawakuwa wamewahi kuosha hata bakuli. Mmoja akapendekeza mchanga wa mtoni. Mwingine akasema maji ya moto. Wa tatu akasimama akatukumbusha kwamba gari ni mali ya umma, na mali ya umma ioshwe na umma, akapigiwa makofi. Mwishowe wakakubaliana kwa kunyoosha mikono: mume wangu ataosha nje, ndani waachiwe akina mama, kwa kuwa usafi wa ndani ni kazi yao. Mume wangu alikunja uso, lakini ungebishana vipi na mikono ya kijiji kizima?

Kesho yake alikwenda Mpui kutafuta mafuta ya taa, na akina mama wakaja kulifanyia kazi gari lao. Aliyewaongoza alikuwa bibi mmoja mfupi aliyewazalisha nusu ya wanawake wa kijiji.

"Shikamoo, bibi," nikamwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Kaa hapo kivulini usihangaike. Tunakuandalia nyumba yako."

Wakafagia, wakamwaga maji, wakasugua kwa majani makavu. Harufu ya kambare haikujali. Bibi akainamia sakafu ya gari, akanusa, akasema neno la Kifipa ambalo sikuhitaji kutafsiriwa. Kisha wakafanya walichojua kufanya nyumbani kwao mgeni mkubwa anapokuja. Waliokota mavi ya ng'ombe mabichi, wakayakanda na majivu na maji, wakapiga magoti ndani ya Landirova, na kwa viganja vyao wakaisiriba ile sakafu yote, pembe hadi pembe. Walilainisha kwa jiwe. Kwenye ukingo wakachora mistari ya vidole, maana nyumba ya mgeni haiachwi hivihivi.

Mimi mwenyewe nilistaajabu. Mavi ya ng'ombe kwenye sakafu ya nyumba nimezaliwa nayakuta, lakini kwenye gari? Nikasubiri kichefuchefu kije. Jua lilipanda, upepo ukapuliza chini ya turubai, ile sakafu ikakauka. Jioni bibi akanishika mkono nikapanda nikaketi. Kambare hawakuwepo. Kulikuwa na harufu ya majani makavu na ya nyumba iliyosafishwa asubuhi. Kwa mara ya kwanza tangu mimba ile iingie nilivuta pumzi ndani ya gari mpaka chini, nikaitoa, nikavuta nyingine.

Mume wangu aliporudi alifungua mlango wa nyuma, akaganda.

"Ng'ombe wamelala humu?"

"Akina mama wamesiriba," nikasema. "Panda unuse."

"Ninuse nini? Ofisa wa serikali akanyage mavi?"

"Ni sakafu, baba. Imekauka."

"Watalichukua gari. Kesho kutwa watalichukua, na wewe utakwenda mjini kwa mkokoteni. Ndicho unachotaka?"

Alivyolitaja neno mkokoteni sauti yake ilikatika. Hakuwa na kiburi mume wangu. Alikuwa ameogopa.

Asubuhi akaanza kubandua. Alikwangua kwa jembe bovu, akamwaga maji ya majivu, akasugua, na maji yalipoingia kwenye bati kambare wakaamka wote. Akaja mlangoni mikono inachuruzika, hanitazami usoni.

"Niletee ile sabuni."

Sabuni aliyoisema ilikuwa ya mtoto. Mama yangu aliituma kutoka Mbeya kwa mtu aliyekuwa anapita na lori, kipande kimoja cha sabuni ya kuogea kikiwa bado kwenye karatasi yake, na jinsi alivyokipata sikumwuliza. Nilikiweka ndani ya sanduku kwenye kanga za uzazi, pamoja na wembe na uzi, vitu ambavyo hospitali ilitaka mama aje navyo. Lakini nilikuwa nakitoa kila siku. Kichefuchefu kikinipanda nilifungua sanduku, nikakiweka puani, dunia ikatulia. Katika kijiji kile chote hakikuwepo kitu kingine kilichonukia vizuri.

"Ile ni ya mtoto," nikasema.

"Bila gari mtoto hayupo."

Nikaitoa kwenye kanga. Nikainusa mara ya mwisho, nikampa. Aliimaliza yote. Povu lilimwagika chini likapita kwenye vumbi mpaka mbele ya mlango wetu, kuku wakaja kulionja, nami nikasimama pale nikiitazama sabuni ya mwanangu inanywewa na ardhi. Nililia kwa hasira. Lakini lazima niseme kweli, gari lilitakata. Viti viling'aa, bati la sakafu likawa jeupe, na ndani kulinukia kama kitambi cha mtoto aliyetoka kuogeshwa.

Ofisa alifika amekaa mbele kwenye lori la mahindi, suti ya mikono mifupi, leso mkononi. Tukaimba. Watoto wa shule wakaimba. Alitupungia kwa ile leso, kisha akaanza kujifuta nayo vumbi la lori shingoni, na ikatoka na rangi ya matofali.

"Ndugu wananchi," akasema, na kila sentensi ilianza hivyo.

Alilizunguka gari. Akapitisha kidole kwenye dashibodi, akakitazama. Akafungua nyuma, akachungulia sakafu. Kisha akaketi kiti cha mbele, akafunga macho, akavuta harufu. Alivuta kwa pua zote mbili, taratibu, amejiachia, kama mtu anayeonja mchuzi wa nyumba isiyo yake. Mimi najua alichokuwa anavuta. Ilikuwa sabuni ya mwanangu inaingia katika zile pua, na mpaka leo nikizikumbuka natamani kutapika.

Akashuka anatabasamu. Alitusifu. Alisema hajaona kijiji kinachotunza mali ya umma namna ile, na kwamba dereva wetu ni mfano wa kuigwa. Makofi yakapigwa. Mume wangu alikuwa amesimama wima, kofia mkononi, na niliona mabega yake yanashuka kwa nafuu. Nami nikapiga makofi. Nilipiga kwa nguvu kuliko wote.

Akaendelea. "Ndugu wananchi, mjini ofisi yetu haina gari la kupokelea wageni. Ni aibu. Gari safi kama hili kuliacha huku likabebe samaki, ni kuliharibu. Kwa hiyo nitaondoka nalo leo. Ninyi mtaletewa jingine."

Wahenga walisema kizuri chajiuza. Hawakusema kwamba kinaweza kujiuza mwenye nacho akiwa amesimama hapohapo anapiga makofi.

Hakuna aliyebisha. Mume wangu akaambiwa aendeshe, ampeleke ofisa mjini na kukabidhi funguo. Akanitazama. Ndipo nilipotoka kwenye kundi la wanawake, nikapiga goti nusu kwa jinsi tumbo lilivyoniruhusu.

"Shikamoo, ndugu ofisa. Mimi ni mke wa dereva. Siku zangu zimefika na natakiwa hospitali. Kwa kuwa gari linakwenda huko huko, naomba nipande. Hata nyuma."

Aliitazama miguu yangu yenye vumbi. Akatazama tumbo. Akatazama kiti.

"Mama," akasema kwa upole kabisa, "gari limeshaoshwa."

Alikunja leso yake, upande mchafu ukaingia ndani, akapanda akafunga mlango. Nimesikia matusi mengi katika maisha yangu, na mengine nimeyatukana mwenyewe, lakini hakuna lililonichafua kama lile lililosemwa kwa upole. Nilisimama katikati ya vumbi la matairi yaliyopakwa weusi wa mawe ya redio, nikahisi ni mimi niliyekuwa kambare.

Bibi akaja akanishika kiuno. "Mngeyaacha mavi," akasema, "gari lingekuwepo." Hakuwa anacheka.

Uchungu ulianza kesho yake asubuhi. Wanaume wakaanza kuwafunga ng'ombe kwenye mkokoteni bila kuniuliza, na mimi nilipousikia ule mnyororo nikajifungia ndani nikaishika nguzo ya nyumba. Nikamwambia bibi sitoki pale. Nitamzaa au nitakufa naye papo hapo, lakini mkokoteni sipandi. Bibi alinibembeleza, akanikaripia, mwisho akaketi chini akanishika mguu.

Kabla ya mchana nikasikia gari. Mume wangu alikuwa amekabidhi funguo mjini, akapanda lori mpaka njia panda, akatembea mpaka kijiji cha jirani, akampigia magoti yule dereva aliyekuwa anamzibia pua. Wakaja wote wawili katika lile zizi. Harufu ilitangulia kuingia ndani kabla yao.

Wakanilaza nyuma. Sakafu ilikuwa na tabaka la mavi ya mbuzi, mabichi juu ya makavu, na gunia lililolowa sijui nini. Nywele za mbuzi ziliniganda mdomoni. Bibi alikuwa kichwani pangu, na mume wangu ameshika mabega yangu kila tuliporuka shimo. Dereva alikuwa anapaza sauti kutoka mbele ili nisilale.

"Ofisa alipita kwetu kabla ya kwenu! Alifungua mlango mara moja tu! Akaufunga! Akasema hili mbaki nalo!" Akacheka. "Sikuliosha kwa uvivu tu, mama, nisikudanganye!"

Mimi nilikuwa napiga kelele na mume wangu analia. Nilitapika juu ya mbuzi wasiokuwepo. Na niliivuta ile harufu, niliivuta kwa mdomo na pua, kwa sababu ilikuwa inakwenda mjini.

Walinipasua tena. Nilipozinduka mkunga alikuwa amesimama na kitu kilichofungwa kwenye kanga yangu, kinalia kwa hasira.

"Mama mtoto, sabuni iko wapi? Tumwogeshe."

"Imekwisha," nikasema. "Ameikalia ofisa."

Alidhani ni dawa ya usingizi inaongea. Akamwogesha kwa maji matupu, akaniwekea kifuani. Maji matupu hayatoi mbuzi. Kanga ilikuwa inanuka, mimi nilikuwa nanuka, na yule mtoto wa kike, nilipomnusa utosini, alinuka zizi zima la kijiji cha jirani. Mimi niliyechukia harufu ya hata maziwa nilizamisha pua pale nikakataa kuitoa. Gari jingine tuliloahidiwa halikuja kamwe.

Haya yote nilimsimulia binti yangu pale Chanji, nimekaa kwenye kigoda cha yule kijana, povu likitiririka mtaroni. Kisa cha kuzaliwa kwake alikuwa anakijua vipandevipande. Cha sabuni hakuwahi kukisikia. Kijana akauliza tena, kwa heshima, mama ameamua tuweke harufu ipi.

Binti yangu akavisukuma vile vichupa vyote pembeni.

"Mwulize," nikamwambia, "kama anayo ya mbuzi."